Madumu ya Mesye

Nilifika Newala nikiwa nimetapika mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa ndani ya treni, kabla hatujafika Morogoro, kwa sababu mama aliyekaa mbele yangu alibeba tenga la migebuka kutoka Kigoma na samaki wale walikuwa wameanza kuharibika. Mara ya pili ilikuwa kwenye foleni ya kivuko cha Rufiji, ambako tulilala siku mbili juu ya mizigo tukisubiri pantoni itengenezwe. Mara ya tatu ni karibu na Nangurukuru. Basi lilizama kwenye tope, wote tukashuka kusukuma, na mimi nilikuwa nimetoka kula yai la kuchemsha ambalo ndani lilikuwa na rangi ya kijani. Ya nne ni baada ya Masasi, lori lilipoacha ile nchi ya mawe makubwa na kuanza kupanda kona za kwenda juu. Utingo alinirushia tambara la grisi nijifute mdomo.

"Tapika yote, dogo," alisema. "Huko juu hakuna maji ya kunawa."

Nilidhani ananitania.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama yangu amekufa, baba yuko reli Tabora na hajui afanye nini na mtoto wa kiume anayelia usiku. Akaamua nipelekwe kwa dada yake aliyeolewa Newala. Nilikabidhiwa kutoka kondakta mmoja hadi mwingine kama kifurushi, na siku ya saba nikakabidhiwa kwa Shangazi. Alininusa, akafunga pua kwa ncha ya kanga, kisha akanikumbatia hivyo hivyo. Akanipa kikombe kimoja cha maji. "Nusu unywe, nusu unawe," akasema.

Tangu hapo nimezunguka sana. Nimeishi Tunduma, Lubumbashi, Bujumbura, nimeuza vipuri, nimekuwa dereva, nimekuwa mtu wa kusubiri makaratasi mipakani. Mwezi uliopita nilikuwa Kalemie, na mhudumu wa nyumba ya wageni akaniletea glasi ya maji yenye harufu ya ubani. Nikamshukuru kwa Kifaransa, kila kitenzi kimekaa mahali pake. Akashangaa. "Mtanzania, umejifunzia wapi?" Nikaiweka glasi chini bila kuionja. Watu wengi hukumbuka shule kwa furaha, hata viboko vyake. Mimi Kifaransa changu kinanitia kinyaa, na ninaandika haya nione kama kinyaa chenyewe kitapungua.

Shule yangu ilikuwa ya wazazi, vyumba vinne vya tofali na uwanja wa vumbi. Mkuu wake alitaka isifanane na nyingine, kwa hiyo alipompata mwalimu aliyewahi kusoma nchi inayozungumza Kifaransa, alimpa nyumba, akampa vipindi sita kwa wiki, akampa na uhuru wa kufanya anavyotaka. Sisi tulimwita Mesye, yaani Bwana kwa Kifaransa. Alikuwa mtu mnene wa shingo, shati jeupe kila siku. Kule juu shati jeupe kila siku lilikuwa jambo la kushangaza. Sisi wengine kola zetu zilikuwa na mstari wa kahawia usiotoka, na darasa zima, hasa miezi ya kupulizia mikorosho salfa, lilinuka yai bovu na jasho.

Ni lazima nieleze habari ya maji. Newala iko juu ya uwanda na maji yako bondeni, chini kabisa, ambako mtu hushuka kwa kujishikilia kwenye mizizi. Nyumba zenye bati zilichimba kisima cha saruji pembeni, maji ya mvua yakashuka humo, na mwenye kisima akakifunga kwa kufuli. Nyumba za nyasi zilikinga kwa ndoo. Maji ya paa la nyasi hutoka na rangi ya chai, na yana ladha ya moshi na mikojo ya panya. Ya Shangazi yalikuwa hayo. Yakiisha, alinunua kwa mke wa Mesye, ambaye kisima chake, sijui kwa baraka gani, hakikukauka hata mwezi wa kumi.

Baraka yenyewe nilikuwa naishiriki, ila sikuiona.

Siku ya kwanza ya vitenzi vinavyobadili mzizi, Mesye alichora jedwali ubaoni. Kushoto aliandika mimi, wewe, yeye. Kulia sisi, ninyi, wao. Kisha akazungushia mstari wa chaki ukapita kwa mimi, wewe, yeye na wao, na umbo lililotokea likawa buti.

"Walio ndani ya buti, mzizi wao unabadilika," alisema. "Je jette. Tu jettes. Il jette. Ils jettent. Walio nje ya buti, mzizi unabaki vilevile. Nous jetons. Vous jetez. Kitenzi ni kutupa. Semeni! Mimi?"

"Ndani!"

"Sisi?"

"Nje!"

Mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na asiye na viatu?"

Tulicheka mpaka madawati yakalia. Wengi wetu tulikuwa na kandambili, wachache pekupeku. Mesye hakucheka. Alimwandikia yule kijana madumu manne.

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Hakuwa mtu wa fimbo, na wazazi walimsifu kwa hilo. Kila Ijumaa alitoa mtihani wa vitenzi kumi: kuita, kununua, kuinua, kutumaini, kusafisha, na vingine vya namna hiyo. Kila kitenzi ulichokosea ni dumu moja la lita ishirini kutoka bondeni, Jumamosi kabla ya adhuhuri, na unamimina kwenye kisima chake. "Maji ni ya shule," alisema, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ndani ya eneo la shule, nilimwamini. Nilipomwona mke wake akipokea hela za akina mama kwenye mfuniko wa kisima, niliamini ni mchango wa chaki. Mtoto hupenda kuamini kwamba mtu anayemwogopa ana sababu nzuri.

Wiki zangu mbili za kwanza nilikosea vitenzi sita. Nilishuka bondeni na wenzangu, wakiimba kwa kupokezana, "Mimi ndani! Sisi nje!" mpaka njia nzima ya wachota maji ikawa inaujua ule wimbo bila kujua ni wa nini. Kushuka kulikuwa mchezo. Kupanda, dumu lilinilalia bega, likavuja mgongoni, nikaanguka mara mbili, na mara ya pili nilifika juu na dumu nusu.

"Tabora!" aliita msichana nyuma yangu. Hilo ndilo jina walilonipa. "Wewe unabeba maji au unamwogesha mdudu?"

Alikuwa Zuhura, niliyekaa naye dawati moja. Alitua lake, akavua kitambaa chake, akakikunja ngata, akaniwekea utosini kama mtu anayefunika chungu. "Tembea kama mtu mwenye maringo. Usitazame miguu. Miguu inajua njia."

Yeye alikosea vitenzi viwili tu siku hiyo. Alikuwa na akili kuliko sisi wote, ila alikuwa hana muda wa kusoma, kwa sababu kwao nyasi za paa zilikuwa zimechakaa, na maji ya familia ya watu saba yalipita kichwani kwake. Alitaka kuwa muuguzi. Aliwahi kumpeleka bibi yake hospitali Ndanda, akaona muuguzi anafungua bomba, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anafunga bomba, kisha baada ya mgonjwa mwingine anafungua tena. "Anafungua tena, Tabora! Kwa mikono ileile!" Alinisimulia hilo mara nyingi, na kila mara alinawa hewani.

Mimi niliyaogopa madumu kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote, kwa hiyo nilijifunza vitenzi. Nilivisema chooni, nilivisema nikichambua mboga kwa Shangazi. Baada ya mwezi sikukosea tena. Mesye akaniita mbele ya darasa, akanipa kalamu nyekundu.

"Kuanzia leo huyu ndiye msahihishaji wangu. Msahihishaji haendi bondeni."

Siwezi kueleza furaha niliyoipata, na furaha ile sasa ndiyo inayonichefua kupita yote.

Kila Ijumaa baada ya masomo nilikaa kwenye baraza ya Mesye na rundo la madaftari. Mke wake aliniletea chai ya maziwa yenye utando mnene juu, ule utando unaoganda kwenye mdomo wa juu, na andazi lililokaangwa kwa mafuta yaliyochoka. Mesye alikaa pembeni kwenye kiti cha uvivu akikata kucha za miguu kwa wembe. Vipande viliruka. Mara moja kimoja kilitua kwenye sahani yangu, karibu na andazi. Nilikisogeza kwa kidole nikaendelea kula. Nilikuwa nikiweka alama, nikiandika majina, na mbele ya kila jina idadi ya madumu. Orodha hiyo ilisomwa Ijumaa jioni kwenye mstari, na Jumamosi mimi nilisimama kwenye kisima nikihakiki.

Mwezi wa tisa darasa likaanza kuelewa. Nafikiri hata mwalimu mwenyewe hakutegemea, lakini ule wimbo wa kushukia bondeni uliwaingia watu kichwani, na buti likakaa. Ijumaa moja nilimaliza rundo zima na kupata makosa saba tu. Nilijivuna kana kwamba niliwafundisha mimi.

Mesye aliinuka, akafungua kufuli, akatumbukiza mwanzi ndani ya kisima. Ulipotoka ulikuwa umelowa kiasi cha kifundo cha mguu. Akanirudia, akaitazama karatasi.

"Hii ndiyo orodha?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wameelewa."

"Wameelewa. Wote." Alicheka puani. "Wewe mtoto una macho ya huruma. Mwenye macho ya huruma haoni makosa. Soma tena." Akageuka kwenye kiti, kisha akasema, bila kunitazama, "Au umechoka? Ukichoka sema. Wapo wengine, wewe urudi kwenye dumu lako."

Nilisoma tena. Makosa hayakuwepo. Niliyapata.

Nianze na la kujitetea: sikuanza na daftari la Zuhura. Nilianza na wale nisiowapenda. Lakini walikuwa wachache, na mwanzi ule ulikuwa umelala pale sakafuni unakauka. Nilipofika kwake, vitenzi kumi, vyote sahihi, herufi zake zimenyooka kama amezipanga kwa rula, nilikumbuka alichoniambia asubuhi ileile. Mdogo wake alikuwa jandoni, yeye na wenzake wangetoka wiki inayofuata, na mama yake alikuwa anakusanya maji ya kuwaogeshea wali, yaani hao vijana wa jando, na ya kupikia wageni. "Mama kasema nikiandikwa tena na huyo Mesye, basi, shule imetosha, nikae nyumbani nichote ya kwetu. Lakini sitaandikwa, Tabora. Nimeviweka vyote." Akajigonga kifuani.

Niliweka alama nyekundu kwenye vitatu. Nilichagua vitatu ambavyo nilidhani hatavikumbuka. Nikajiambia madumu matatu si mengi, mama yake anasema tu, mama wote husema. Kisha nikanywa chai iliyobaki, pamoja na utando.

Orodha iliposomwa, Zuhura alisikia jina lake akanitazama. Nilikuwa nimeandaa uso wa mtu asiyejua.

Jumamosi alifika mapema mno, jua halijapanda, pamoja na mama yake na dada yake mdogo, kila mmoja na dumu. Ngata zao zilikuwa kavu na miguu yao haikuwa na tope la bondeni. Nilielewa kwamba hawakushuka bondeni. Maji yale yalitoka kwenye mitungi ya nyumbani kwao.

"Shikamoo, Mama Zuhura," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Alitua, akapumua. "Ninyi wasomi mna kiu."

Mke wa Mesye aliwaelekeza wamimine kwenye pipa la jikoni kwa kuwa lilikuwa tupu, badala ya kisima. Niliweka alama kwenye karatasi mbele ya jina: tatu, amemaliza.

Jioni Shangazi alirudi na ndoo ya maji aliyouziwa na mke wa Mesye kutoka pipa la jikoni. Alinichotea kikombe, nikanywa mkupuo mmoja, na mdomoni ukaja ubani. Kwao Zuhura, kama nyumba nyingi za Waislamu kule, mtungi wa wageni ulifukizwa ubani kabla ya kutiwa maji. Nilishawahi kunywa kwao. Hakukuwa na nyumba nyingine iliyokuwa na mkono mzito wa ubani kama wa mama yule.

"Maji ya mwalimu leo yamefukizwa," Shangazi alisema akilamba midomo. "Mkewe naye kumbe mstaarabu."

Nilitoka nje nikatapika yale maji nyuma ya nyumba, kwenye majivu. Shangazi alisikitika. Alisikitikia maji.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye sherehe ya wali. Ngoma zilipigwa, vijana wakatoka na nguo mpya na nyuso za kujifanya wakubwa, mdogo wake Zuhura akiwa wa tatu kwenye mstari. Walikuwa wameogeshwa, lakini kwa haraka, sabuni bado imeng'ang'ania nyuma ya masikio. Wageni tuliletewa maji nusu kikombe. Bibi mmoja jirani yetu akaonja, akafumba macho.

"Mama Zuhura, mkono wako nauona. Umeyafukiza."

"Nimeyafukiza mimi," alijibu Mama Zuhura, akiendelea kugawa, sauti yake kubwa ya kufurahisha watu, "halafu nimekwenda kuyanunua mwenyewe."

Wanawake wakacheka sana, wakidhani ni utani. Shangazi naye alicheka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Njiani kurudi nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu mwanzi, kuhusu alama tatu, kuhusu pipa. Nilikuwa nalia. Nilitegemea anipige, na baada ya kunipiga anishike mkono anipeleke kwa mkuu wa shule, na Zuhura arudishwe dawatini, maana tangu Jumatatu ile hakuja tena. Shangazi alisimama katikati ya njia, akaweka mikono kiunoni.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, Shangazi."

"Basi nyamaza." Alitazama nyuma kama kuna mtu. "Mvua haiji hadi mwezi wa kumi na mbili. Tukikosana na mwalimu tutakunywa nini?"

Alikuwa mwanamke mwema. Alinilea bila kunisimanga hata siku moja. Ndiyo maana sentensi hiyo imenikaa vibaya kuliko tusi.

Nilinyamaza. Wala sikuiacha kalamu nyekundu. Nilikwenda baraza ile Ijumaa iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka shule ikafungwa. Niliogopa dumu. Sikuogopa kingine, wala hakuna sababu nyingine iliyofichika ambayo utu uzima umenifunulia. Nilipomaliza makosa halisi nilitafuta ya kuongeza, na kila nilipoongeza mwalimu alisema, "Sasa unaona." Dawatini nilikaa peke yangu. Katika daftari la Zuhura, alilorudishiwa Ijumaa ile kwenye mstari akaliacha dawatini asirudi kulichukua, yale majibu matatu yalikuwa na alama zangu, na chini ya kila moja alikuwa ameliandika tena jibu lake kwa penseli, herufi kwa herufi, bila kubadilisha chochote.

Nilikutana naye mara nyingi njiani. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Alinisalimu kama zamani, "Vipi, Tabora, buti linabana?" na mimi nilicheka, nikapita. Kila mara nilisema, kesho nitamwambia. Nilikuwa nazo kesho nyingi.

Barua ya baba ilifika mwezi wa kumi na mbili, kabla mvua haijatulia. Alikuwa ameoa, nyumba imepata mama, nirudi. Shangazi alinifungia karanga na muhogo mkavu. Mesye alinipa mkono na kuniambia nina kipaji, nisikiache.

Basi la kwenda Masasi liliondoka asubuhi, likajikokota kwenye barabara ya udongo mwekundu iliyokuwa imelowa. Nilikaa dirishani. Tukiwa bado hatujauacha mji tuliwakuta wachota maji, wanawake na wasichana kama kumi, wamefuatana pembeni ya barabara wakirudi kutoka bondeni, na dereva akapunguza mwendo asiwarushie tope. Wa nne alikuwa Zuhura. Nilimjua kwa anavyotembea.

Nilitoa kichwa na mabega yote nje.

"Zuhura! Yalikuwa sahihi! Yote kumi yalikuwa sahihi!"

Abiria wakageuka kunitazama. Wanawake wawili wa mbele wakatazama kwa pembe za macho. Zuhura alikuwa na ndoo iliyojaa mpaka ukingoni, na mwenye ndoo ya namna hiyo hageuzi shingo. Aliendelea kutembea, uso mbele, mkono mmoja juu.

"Najua," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Basi lilikuwa karibu naye kiasi cha mimi kusikia. Kisha dereva akabadili gia, kondakta akanivuta shati nikae, na akina mama wale wakabaki nyuma yetu, mmoja baada ya mwingine, wakipanda kuelekea majumbani kwao.